Siku kumi za kimya Igatpuri, kwa wawili watokao Amu (Lamu)

Tuanze na hukumu, ili mwenye haraka aondoke nayo. Kozi ya siku kumi ya Vipassana, taamuli ya kukaa kimya na kujitazama pumzi na mwili, katika kituo cha Dhamma Giri, mji wa Igatpuri, jimbo la Maharashtra nchini India, imepangwa barabara kuliko hoteli nyingi za fedha, na haina bei. Kwa mtu aendaye peke yake, nyota nne na nusu kati ya tano. Kwa marafiki wawili walioshibana, wale ambao habari ya mmoja hailali bila kumfikia mwenziwe kwenye baraza la Mkunguni, tunatoa nyota tatu. Hiyo moja na nusu iliyoanguka haikuangushwa na kituo. Mtaiangusha nyinyi.

Na kuna sharti moja ambalo kwa wengi wa Amu linamaliza maneno kabla hayajaanza: muda wote wa kozi, ibada za kila dini zinasimamishwa. Tutalieleza kwa urefu hapa chini. Asikate mtu tiketi kabla hajafika hapo.

Wageni wanaokuja Shela kunyoosha viungo mchangani asubuhi wamewafanya wengi mjini wadhani kwamba safari ya roho ni juisi ya embe, kusingwa mgongo na kutazama jua likizama kutoka ndani ya dau. Igatpuri si hiyo. Yoga yenyewe imekatazwa ndani ya kozi, pamoja na mazoezi mengine ya mwili isipokuwa kutembea. Hakuna kusoma, kuandika, muziki wala picha. Kuna kukaa kitako, macho yamefumbwa, saa kumi na dakika arubaini na tano kwa siku ukijumlisha vipindi vyote vya ratiba. Tumejumlisha mara mbili kuhakikisha.

Njia hii ilisambazwa na S. N. Goenka, mfanyabiashara wa asili ya Kihindi aliyezaliwa Mandalay, Burma, mwaka 1924. Alikuwa akisumbuliwa na kipandauso kikali, na mwaka 1955 akaenda kwa U Ba Khin, afisa mkubwa wa hesabu za serikali ya Burma aliyekuwa pia mwalimu wa taamuli. Inasimuliwa kwamba mwalimu alimkatalia mwanzo: ukija kwa ajili ya kichwa tu, nenda kwa daktari. Goenka alianza kufundisha India mwaka 1969 na akafariki 2013, lakini anayefundisha mpaka leo ni yeye, kwa sauti na video zilizorekodiwa. Mwalimu msaidizi anayekaa mbele ya ukumbi huwasha rekodi, huketi nanyi, na hujibu maswali. Mtu anayengoja mzee wa ndevu nyeupe amwekee mkono kichwani ajue mapema kwamba atasikia spika.

Ratiba imeandikwa kwa saa za Kizungu, na hapo ndipo kosa la kwanza la mtu wa pwani lilipo. "4:00" ubaoni ni saa yetu ya kumi alfajiri, kengele ya kuamka. Saa kumi na nusu mpaka saa kumi na mbili na nusu ni kukaa, ukumbini au chumbani. Kisha kifungua kinywa. Saa mbili mpaka saa tatu wote mko ukumbini, halafu kukaa tena mpaka saa tano. Chakula cha mchana ni saa tano, na saa sita mpaka saa saba ni kupumzika, au kumwona mwalimu kwa anayehitaji. Saa saba kengele tena, na kukaa mpaka saa kumi na moja jioni, ndani yake kikiwamo kipindi cha pamoja cha saa nane na nusu hadi tisa na nusu. Chai. Saa kumi na mbili ukumbini, saa moja usiku hotuba ya video mpaka saa mbili na robo, kukaa kidogo tena, na saa tatu na nusu taa zinazimwa.

Kengele ya saa kumi haimtishi mtu aliyezoea kuamshwa na adhana. Kinachomtisha ni kukaa usiku bila chakula.

Sasa kimya. Wenyewe wanakiita kimya kitukufu, na maana yake ni pana kuliko kufunga mdomo. Kunyamaza ni kwa ulimi, kwa mwili na kwa nia: hakuna kuashiria kwa mkono, hakuna kukonyeza jicho, hakuna kikaratasi. Unaruhusiwa kusema na mwalimu juu ya kazi yenyewe, na na meneja wa kozi juu ya maji, blanketi au ugonjwa. Kimya huanza usiku wa kuingia na kinafunguliwa asubuhi ya siku ya kumi, yapata saa nne.

Hapa ndipo wawili wanapoangukia. Wanaume na wanawake hutenganishwa kabisa, malazi, meza na njia za kutembea, na ukumbini kila jinsi ina upande wake. Kwa hiyo rafiki wa kiume na wa kike, au mume na mke, wanapata nafuu kubwa ambayo hawakuitarajia: hawaonani ila kwa mbali, na mtu wa Amu aliyekulia arusi za pande mbili hahitaji kufundishwa hilo. Walio hatarini ni wawili wa jinsi moja. Wanakula chumba kimoja cha chakula, wanaoshea sahani bomba moja, wanapanga foleni ya choo kimoja, na kila mmoja anajua uso wa mwenziwe ukoje anapozuia kicheko. Na kicheko cha kuzuiwa, kila aliyesoma chuoni mbele ya mwalimu mkali anajua, kinaambukiza kuliko macho mekundu. Yatosha mmoja apige chafya vibaya katika dakika ya arubaini ya ukimya wa watu mia kadhaa.

Si mzaha tu. Sababu ya kanuni ni hii: kazi ya siku tatu za mwanzo ni kuangalia pumzi inavyoingia na kutoka puani, na siku baada ya siku eneo linapunguzwa mpaka linabaki pahala padogo chini ya tundu za pua, juu ya mdomo. Akili ikiwa na mtu wa kumfikiria hapo karibu, jana kala kidogo, leo kavimba macho, je amekasirika, haishuki kufika pahala padogo namna hiyo. Inabaki Usita wa Mui, njia kuu ya Amu, inapiga soga. Rafiki anakuwa kama redio iliyozimwa ambayo unaendelea kuitegea sikio.

Yanayosaidia, kwa waliokwisha amua kwenda wawili: kwenye fomu mnaulizwa kama yupo mnayejuana naye katika kozi, nanyi semeni kweli. Ombeni vyumba mbalimbali. Ukumbini kila mtu hupewa pahala pake, wanafunzi wa zamani, yaani waliokwisha maliza kozi, mbele na wapya nyuma, na pahala hapo hapabadilishwi kwa hiari yako, kwa hiyo mkijikuta mmewekwa ubavu kwa ubavu mwambieni meneja jioni ileile ya kwanza, si siku ya tatu. Wakati wa kula kaeni mmepeana mgongo, siyo uso. Na kabla hamjaondoka Amu, mkiwa bado na midomo, kubalianeni jambo moja kwa maneno wazi: mmoja akiondoka, mwengine abaki. Siku ya pili na ya sita zinajulikana kuwa nzito. Asiyekubaliana mapema, akiuona mto wa mwenziwe hauna mtu saa mbili asubuhi, ataanza kuhesabu: kaondoka, anaumwa, au kalala tu? Mara nyingi kalala tu.

Tufike kwenye lile sharti. Kanuni za kozi zimeandikwa, zinasomwa kabla ya kujisajili, na hazifichi kitu. Kwa siku hizo ziachwe sala na ibada za aina zote, kufunga, kufukiza udi, kuhesabu tasbihi, kusoma nyiradi. Tasbihi, hirizi na vitu vyote vya dini visiletwe. Jioni ya kufungua, wanafunzi hufuatisha maneno ya Kipali, lugha ya kale ya maandiko ya Kibuddha, ya kujikinga kwa Buddha, kwa Dhamma (mafundisho yake) na kwa Sangha (jamii ya wafuasi wake). Walimu hueleza kwamba ni kujikinga kwa sifa za utakatifu na si kuingia dini, na husisitiza kwamba watu wa dini zote huhudhuria bila kubadili dini zao. Mara kwa mara rekodi huimba kwa Kipali, na mwisho wanafunzi wa zamani huinamisha kichwa na kusema "sadhu", yaani vyema, mara tatu. Hilo la mwisho si lazima kwako, hata kidogo.

Sisi tunapima huduma, hatutoi fatwa. Lakini kwa Muislamu ashikaye swala tano, swala si kitu cha kukabidhi ofisini pamoja na simu, na kituo hakiahidi kumwachia nafasi. Kutia saini kwamba umekubali kanuni, kisha ukaswali kwa kujificha chumbani, ni kuvunja ahadi uliyoiandika kwa mkono wako. Mwenye shaka amuulize sheikh wake kabla ya kujaza fomu. Akiuliza baada ya kulipa ndege, anatafuta ruhusa tu. Mkristo naye ajue kwamba katika siku kumi mna Jumapili moja angalau, isiyo na misa, na Biblia haipiti mlangoni kwa sababu vitabu vyote havipiti. Hii ndiyo kasoro kubwa ya huduma hii kwa msomaji wa huku, na hatuioni kuwa ndogo.

Anayetaka kujitenga bila mzozo huo anayo itikafu, kumi la mwisho la Ramadhani, siku kumi zilezile, msikitini pake, bila pasipoti. Ukiziweka pamoja zinatofautiana kuliko zinavyofanana: katika itikafu unasoma, unaswali, unakula usiku, unasema neno la haja. Igatpuri hufanyi lolote katika hayo isipokuwa kula, nako ni mchana, na neno la haja kwa mwalimu au meneja.

Kwa wale ambao sharti hilo haliwazuii, tuendelee na makalio, maana ndiyo yanayoamua kozi.

Ukumbini kila mtu ana godoro dogo la bapa chini, na mito ya kuongeza huchukuliwa kwenye rafu. Kosa la siku ya kwanza ni uroho wa mito. Mtu anapanga minne, mitano, anapata kiti kama cha sultani, na kufika saa tatu mnara umeanza kuegama upande, yeye anauegemea kinyume bila kujua, na jioni anaumwa mbavu za upande mmoja. Mto uwe mgumu na uwe mmoja au miwili. Kipimo ni hiki: nyonga ziwe juu kuliko magoti, kiasi cha sentimita 10 hadi 15 kwa mtu wa wastani. Kaa kwenye theluthi ya mbele ya mto, siyo katikati, ili fupanyonga iinamie mbele kidogo na mgongo usimame wenyewe. Magoti yaguse chini. Goti linaloning'inia litawaka moto kufika dakika ya ishirini, na dawa yake ni kutia chini yake kitambaa kilichokunjwa, si kuvumilia. Chini ya kifundo cha mguu tia taulo iliyokunjwa mara nne, kwa sababu mfupa wa kifundo kwenye sakafu ndio unaowaangusha wengi kabla ya goti.

Aliyezoea kuswali ana faida hapa: mkao wa kupiga magoti na kukalia visigino, ule wa attahiyatu, miguu yake inaujua. Usaidie kwa kibao cha kupigia magoti, ambacho ukikitazama ni mbuzi ya kukunia nazi iliyong'olewa jino, imeinama mbele kidogo. Miguu inapita chini yake, uzito unakaa kwenye ubao. Miguu ikifa ganzi, mishipa imebanwa. Panua magoti zaidi au inua kibao. Mwenye goti bovu au mgongo wa kuanguka mnazi aombe kiti siku ya kuingia. Viti vipo, huwekwa nyuma au pembeni, wala si aibu.

Yote haya yana maana kuanzia siku ya nne. Mchana wa siku hiyo pumzi inaachwa na unafundishwa Vipassana yenyewe: kupitisha akili mwilini kipande kwa kipande, utosini mpaka vidole vya miguu na kurudi, ukitambua kila hisia, mwasho, joto, uzito, bila kuikimbilia wala kuikimbia. Na kuanzia hapo, mara tatu kwa siku, katika vile vipindi vya pamoja vya saa nzima, mnaombwa msifungue macho, mikono wala miguu. Hakuna atakayekuadhibu ukijigeuza. Lakini utasikia mto wako ukilia katika ukumbi mzima, na rafiki yako, ambaye hatakiwi kukujua, atajua ni wewe.

Mbu. Kanuni ya kwanza kati ya tano ni kutoua kiumbe, na mbu yumo. Nyingine ni kutoiba, kutosema uongo, kujizuia na mambo ya kitandani, na kutotumia vilevi. Tumbaku ya kuvuta au kutafuna nayo marufuku. Njooni na dawa ya kujipaka isiyo na harufu kali, mkalale mmejifunika. Kofi la usiku kwenye chumba cha kimya linasikika kama mlango.

Chakula hakihitaji maneno mengi: hakuna nyama, hakuna samaki, hakuna yai. Daal, wali, chapati, mboga, maziwa ya mtindi. Chapati ni nyembamba, kavu, hazina samli ya Amu. Saa kumi na moja jioni mwanafunzi mpya hupewa chai na kitu chepesi, tunda au bisi za mchele. Wa zamani hunywa maji ya ndimu tu. Usijaze tumbo saa tano kwa hofu ya usiku: saa saba uko chini tena, na wali mwingi na macho yaliyofumbwa vina matokeo yanayojulikana. Theluthi mbili ya uliyozoea yatosha. Sahani unaosha mwenyewe.

Maandalizi ya mwili yaanze wiki tatu kabla. Dakika 20 za kukaa kitako kila siku wiki ya kwanza, 40 ya pili, saa nzima ya tatu. Na mpunguze kahawa tungu. Mnywaji wa vikombe sita akiviacha ghafla, kichwa kinaanza kumgonga ndani ya siku moja na kinaweza kumkamata siku kadhaa, naye akadhani ni roho inasafishwa. Ni kahawa. Punguzeni kikombe kimoja kila siku mbili. Msokota sigara vivyo hivyo, na miraa isikaribie begi kabisa.

Safari ndiyo inayokula fedha, kwa kuwa kozi yenyewe haikutozi kitu, si masomo, si malazi, si chakula. Mchango unapokewa tu kutoka kwa aliyemaliza kozi moja ya siku kumi, ili anayefuata asomeshwe. Aliyezoea kuulizwa nauli kabla hajashusha mguu botini atapata tabu kuamini, lakini ndivyo ilivyo, na mnakaribishwa kutoa siku ya kumi kadiri mpendavyo.

Utaratibu una mfuatano wake, na wengi wanaukosea. Kwanza fomu, na wote wawili mngoje kukubaliwa. Orodha za wanaume na wanawake ni mbili, nafasi hujaa mapema, na hutokea mmoja akakubaliwa na mwengine akawekwa akiba. Kwenye fomu mtaulizwa maradhi, ya mwili na ya akili, na dawa mnazotumia, msifiche. Siku kumi za kimya si mahali pa kumpeleka mtu aliye katika huzuni nzito au aliyewahi kurukwa na akili, na kituo kinauliza kwa sababu hiyo.

Pili chanjo ya homa ya manjano. Anayetoka Kenya kuingia India lazima awe na cheti, na cheti kinaanza kufanya kazi siku ya kumi baada ya sindano. Aliyechanjwa siku tano kabla anaweza kuzuiwa karantini hadi siku sita, na kozi haimngoji. Tatu viza, inayoombwa mtandaoni. Tumieni tovuti ya serikali ya India pekee, inayoishia na gov.in, zinazofanana nayo ni nyingi na hutoza zaidi. Nne ndiyo tiketi.

Kutoka Amu kuna njia mbili. Boti mpaka Manda na ndege ndogo ya Nairobi, ambayo mara nyingi hairuhusu begi zaidi ya kilo 15, nanyi hamhitaji hata hizo. Au boti mpaka Mokowe, basi kupitia Witu, Garsen na Malindi hadi Mombasa, kisha treni ya Nairobi. Nairobi mpaka Mumbai kuna ndege ya moja kwa moja, yapata saa sita angani, na mkishuka sogezeni saa mbele kwa saa mbili na nusu. Laleni Mumbai usiku mmoja. Treni ya kwenda upande wa Nashik hufika Igatpuri kwa saa mbili hadi tatu. Ni kama kilomita 137. Msisinzie. Mkifika Kasara, treni nyingi husimama kufungiwa injini za kusukuma kutoka nyuma, kwa sababu kutoka hapo ni kupanda mlima moja kwa moja. Hiyo ndiyo ishara ya kushusha mabegi: juu ya mlima ndiyo Igatpuri. Kutoka stesheni riksho inatosha.

Msimu: Juni hadi Septemba ni mvua za masika ya India, na milima ile hupokea mvua ya kweli, nguo hazikauki. Desemba na Januari usiku una baridi ambayo shuka la Amu halijawahi kuisikia; chukueni sweta na soksi. Nguo ziwe pana na za heshima. Kinamama hapa wako tayari, dira la pamba linafaa kuliko nguo nyingi za dukani. Wanaume suruali pana, na kikoi kibaki cha chumbani. Kandambili, maana viatu huvuliwa nje ya ukumbi. Tochi, mwavuli, kufuli ndogo, pamba za masikio kwa ajili ya mkoromaji, sabuni isiyo na manukato. Haludi na asumini ziacheni nyumbani. Jirani yako anaangalia pumzi yake puani saa kumi kwa siku, msimfanye aangalie yenu.

Nyumbani waachieni namba ya simu ya ofisi ya kituo, kwa kuwa zenu zitakuwa zimehifadhiwa. Jambo la dharura hufikishwa kupitia kwa meneja. Waambieni pia dharura ni ipi. Kuuzwa kwa punda si dharura.

Jioni ya hotuba ndiyo wakati tulioupenda zaidi katika huduma hii. Ni kwa Kihindi au Kiingereza, Goenka ni mcheshi wa kizamani anayejua kungoja kabla ya neno la mwisho, na ukumbi unacheka. Hapo hata wawili wetu hawavunji kanuni.

Siku ya kumi kimya kikifunguliwa, msimalize yote asubuhi ileile. Koo lililopumzika siku tisa huchubuka haraka, na bado kuna vipindi vya kukaa mchana, ambavyo ni vigumu kuliko vyote kwa sababu kichwa kimejaa maneno ya mwenzio. Kozi inakwisha siku ya kumi na moja, yapata saa moja na nusu asubuhi; kuna kusafisha vyumba na kurudisha blanketi. Kwa hiyo usiku ni kumi na moja, si kumi, na ndege iwe ya usiku wa siku hiyo ikiwa lazima, au bora kesho yake. Simu mtarudishiwa zimekwisha chaji. Plagi za Kenya za meno matatu bapa haziingii kwenye matundu ya India, ambayo ni ya duara, basi chukueni adapta. Mbili. Wawili waliovumiliana siku kumi bila neno wasije wakagombana stesheni kwa tundu moja la ukutani.